Maharage ya Msiba

Siku mliponiaga kule Muyinga, kwa fanta na ile keki iliyokuwa ngumu kidogo (nasema kidogo kwa heshima ya aliyeipika), mlinitaka niandike kitu cha kuwafaa kazini. Nadhani mlitarajia sheria. Sheria mnazo kwenye kompyuta, na zinabadilika kabla chai haijapoa. Mimi nimerudi kwetu Gitega, nimekaa barazani na kikombe changu, na ninachokumbuka ni watu. Basi mtasoma habari za watu.

Kwa wasiotujua, sisi ni mawakala wa forodha, na hapa Burundi mtu wa kazi hii anaitwa deklaran. Mfanyabiashara ana mzigo, serikali ina ushuru, na katikati yao anasimama deklaran akilaumiwa na wote wawili. Tajiri anaona umemuuza kwa serikali. Afisa anaona unamfichia tajiri. Ikitokea siku moja pande zote mbili zikakusifu, rudi ukague karatasi zako, kuna mahali umekosea.

Sikuzaliwa nikiitamani kazi hii. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Gitega, na sisi watoto wake tulikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kila mtu alijua kwamba nitashona. Shida ni kwamba nilikuwa nakata kombo. Baba alivumilia, akavumilia tena, mpaka nilipoharibu kanzu ya imamu wetu, kitambaa kizuri cha kuagizwa. Hakunipiga. Alimtumia salamu mdogo wake, baba mdogo Issa, aliyekuwa deklaran Muyinga, aje anichukue, maana karatasi haziharibiki kwa mkasi.

Baba mdogo Issa alikuwa mfupi, kofia ya kufuma kichwani, na bambo kwapani. Nyinyi mnaletewa sampuli kwenye mfuko wa nailoni na hamjui bambo ni kitu gani. Ni chuma chenye ncha, kimechimbwa mfereji katikati. Unakichoma kwenye gunia, unakizungusha, unakichomoa, na nafaka ya katikati inakuja yenyewe kiganjani. Yeye alikibeba kama watu wanavyobeba mwavuli, hata akienda sokoni kununua nyanya.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya lori la magunia akaniuliza ni mzigo gani. Nikasema mchele. Akauliza nimejuaje. Nikasema imeandikwa kwenye gunia.

"Gunia najua kusoma mi mwenyewe," akasema. "Mi nakuuliza ndani iko nini."

Akachoma bambo, akanimwagia kiganjani. Ilikuwa mchele kweli. Nikacheka, yeye hakucheka.

"Leo gunia imesema kweli. Kesho utajuaje? Sikiliza, mwanangu. Mzigo haina mdomo. We ndiyo mdomo yake. Donc, yaani, we ukidanganya, mzigo imedanganya, na mwenye mzigo amedanganya, na mi Issa nimedanganya. Watu wengi sana kwa uongo moja."

Hiyo ndiyo shule yangu yote. Mengine yalikuwa taipureta na karatasi za kaboni, nakala nyingi kwa kila mzigo, na vidole vya buluu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Niliporudi Gitega sikukuu ya Idi mama alinitazama mikono akaniuliza hina ya namna ile inauzwa wapi. Kompyuta ilipofika, baba mdogo Issa aliitazama kwa muda, akaomba aoneshwe pale inapochomwa bambo. Alistaafu mwaka uliofuata, na Mungu akamchukua akiwa usingizini, kifo cha mtu aliyemaliza karatasi zake.

Aliniachia ofisi, bambo, na Deusi.

Deusi alikuwa wakala wa upande wa pili, Mtanzania, Mhangaza wa Ngara. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Yeye akisema chake nami changu tunaelewana, ila kila mmoja anaona mwenzake anazungumza vibaya. Alikuwa mrefu, mpole wa mwendo, na aliniita shemeji. Alidai kaka yake aliwahi kutaka kunioa, nikamringia. Kaka huyo sijapata kumwona, na nina mashaka kama alizaliwa. Nilimjibu kwamba ningemkubali, basi, kama si kuona mdogo wake anavyokula.

Tulikuwa na desturi yetu ya asubuhi, tuliyorithi kwa baba mdogo. Kabla ya kufungua faili lolote tulikunywa chai pamoja pale mpakani, Kobero. Chupa ya chai ilikuwa yangu, chapati zilikuwa za kwake, zimefungwa kwenye kitambaa na mama yake, bibi mzee aliyekuwa bado anamfungia mwanawe wa makamo chapati kama mtoto wa shule. Tukinywa, tunasomeana mizigo ya siku. Mimi namwambia kinachotoka kwetu, yeye ananiambia kinachoingia, yupi ana cheti cha asili ya bidhaa na yupi hana, dereva yupi mgonjwa. Hakuna aliyemshtukiza mwenzake. Ikiwa mnataka kitu kimoja cha kubeba kwenye karatasi hizi, bebeni hicho, mengine ni mapambo.

Sasa ushuru. Wakubwa walitwambia nchi zetu ni jumuiya moja na kwamba ushuru kati yetu umefutwa. Ni kweli, umefutwa. Lakini ushuru ni kama paka: umfukuze mlangoni, unamkuta jikoni. Unarudi ukiitwa tozo, ukiitwa ada, ukiitwa mchango wa maendeleo ya kitu fulani. Mwaka ninaotaka kuusimulia, upande mmoja uliweka tozo juu ya unga na sabuni za jirani, na upande mwingine ukajibu kwa tozo juu ya matunda na maharage ya jirani. Nani alianza? Muyinga watakuambia walianza wale. Ngara watakuambia tulianza sisi. Mimi nilikuwa kaunta siku zote mbili na sitawaambia, kwa sababu haikubadilisha chochote.

Kilichobadilika kilionekana mezani. Hapa Gitega mandazi yalibaki na bei ile ile ila yakawa madogo, ukiyatia kwenye chai unayatafuta kwa kijiko. Wateja walianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Tajiri wangu mmoja, mtu niliyemhudumia tangu hajaota mvi, alinijia na sauti juu.

"Yule Mtanzania wako anatula sisi, na we unakunywa naye chai."

"Chai ni yangu," nikamwambia. "Mi ndiyo namkunywesha."

Hakuona kichekesho. Baadaye niligundua kwamba upande wa pili matajiri walikuwa wakimwambia Deusi maneno yale yale, na jina langu ndani.

Kwenye msimu huo akaja Mama Neema.

Mama Neema ni mkulima wa Mwakiro, huko huko Muyinga. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akasomea huko, akaolewa huko, akarudi Burundi na watoto na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Shamba la baba yake alilikuta limekuwa kichaka. Majirani walipanda mihogo, yeye akapanda parachichi, akawashawishi na wao wapande, akiwaambia kwamba kule alikokulia kuna watu wanaozinunua vizuri. Walimcheka, halafu wakapanda. Miti inakawia kuzaa, na wao walingoja pamoja naye. Lori alilokuja nalo kwangu lilikuwa la kwanza kabisa kuvuka.

"Mama Zuhura," aliniambia, ameshika mkoba kwa mikono miwili, "hawa watu walipanda kwa neno langu. Lori likirudi, wataing'oa miti. Na mimi sitakuwa na uso wa kuwaambia wasiing'oe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, karatasi zake zilikuwa safi kuliko za matajiri wengi. Nilichoma bambo? Hapana, parachichi hazichomwi. Lakini nilizishika moja moja juu ya lori, ngumu, za kijani kibichi, zenye siku za kutosha kufika sokoni. Lori likaingia uwanja wa ukaguzi upande wa pili. Tozo ya matunda ilianza kutumika asubuhi iliyofuata.

Asubuhi hiyo Deusi hakuja na chapati. Alikuja ameongozana na mkubwa wake mmoja kutoka ofisi ya mbali, akasimama mbele ya kaunta yangu, hakukaa. Alishika karatasi akasoma.

"Ndugu wakala, mzigo wako wa matunda unatakiwa kulipiwa tozo mpya kabla ya kuondoka uwanjani."

Ndugu wakala. Nilimtazama usoni, yeye akatazama karatasi. Nilijua pale pale kwamba tozo ile ilikuwa kubwa kuliko faida yote ya wale watu wa Mwakiro, na yeye alijua. Lakini kilichonichoma ni lile jina. Baada ya miaka yote ile ya kunisingizia mume asiyekuwepo, nimekuwa ndugu wakala.

"Nimekusikia, ndugu wakala," nikamjibu.

Tulipinga kwa maandishi. Mnunuzi akaambiwa asubiri, akasubiri, akachoka, akanunua kwingine. Lori lilikaa pale uwanjani mpaka harufu ya parachichi zinazoiva ikafika kaunta. Ni harufu nzuri, na tangu hapo siipendi. Mwishowe tuliligeuza lori likarudi Muyinga, na Mama Neema akakaa sokoni na wanawake wenzake wakiziuza kwa bei ya kutupa. Karibu nusu zilikuwa bado nzima, nikashangaa, kwa jua lile. Nilidhani ni bahati.

"Nchi iliyonikuza kwa uji wake," aliniambia akipanga mafungu, "leo inaniona mimi mgeni. Na kwetu hapa wananiita Mtanzania. Sasa Mama Zuhura, hebu nitafutie kwenye kompyuta yako, mimi nalipiwa ushuru wapi?"

Alisema akicheka, ila macho hayakucheka. Majirani wawili waliing'oa miti yao wiki hiyo hiyo. Wengine walisema watangoja msimu mmoja, mmoja tu.

Mimi nilirudi kaunta nikanywa chai peke yangu. Deusi alipita kila asubuhi kwa hatua zake za polepole, akisema "habari za kazi," nami nikisema "nzuri." Kwa watu wa mpakani hiyo si salamu. Huku mtu anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mvua imenyesha kwenu, na ng'ombe, hata kama huna ng'ombe. Miezi ikapita hivyo. Kazi ikawa nzito ghafla. Mizigo ilikuwa inatushtukiza wote wawili, malori yanalala njiani kwa sababu ya karatasi moja ambayo zamani tungeitaja tukitafuna. Gharama ile haikuandikwa kwenye bajeti ya nchi yoyote, nayo ililipwa na watu wa Gitega na wa Ngara, kila mmoja dukani kwake.

Kisha asubuhi moja yule dereva wa lori la parachichi akaingia ofisini, kofia mkononi.

"Mama, mama yake na Deusi amefariki jana. Nimepita Ngara, kilio iko pale."

Nikasema innalillahi. Nikakaa. Yeye hakutoka, alibaki anazungusha kofia.

"Kuna kitu aliniambia nisikuambie. Mais, lakini sasa amefiwa, siwezi kufunga mdomo. Ile lori yetu, siku zile tumekwama, ni yeye alifanya nisogeze pale kivuli ya nyuma ya ghala. Alifungua turubai mwenyewe kila asubuhi upepo ipite, jioni anafunga. Alileta majani ya ndizi. Mama yake alinitumia chakula siku zote. Aliniambia, usiseme, mkubwa wangu ananiangalia, na matajiri wanasema nimenunuliwa na Warundi."

Nilikuwa nafikiria zile parachichi nzima sokoni, na mimi nikiita bahati.

Nilimpigia simu Mama Neema nikamweleza yote. Akauliza tunaondoka saa ngapi. Nilipomwambia tununue kilo chache za maharage pale sokoni tupitie nazo, alinikatiza.

"Kule kambini mtu akifiwa tulimpelekea kopo la maharage ya mgawo, maana ndicho tulichokuwa nacho. Sasa nina shamba. Nimpelekee kopo?"

Akaja na gunia zima. Maharage mekundu, mapya, yamepepetwa hata jiwe moja hulioni. Tukalipakia kwenye pikapu ya shemeji yake, Mama Neema amevaa kitenge cha heshima, mimi na mtandio mweusi, tukaenda mpakani.

Mnajua kinachofuata kwa sababu mnajua sheria. Maharage yalikuwa kwenye tozo mpya. Kilo chache ni matumizi ya mtu binafsi. Gunia ni biashara. Afisa wa upande wa pili zamu ile alikuwa kijana mpole, alimfahamu Deusi, na msiba alikuwa ameshausikia.

"Mama Zuhura, piteni tu. Poleni sana."

Mama Neema akaweka mguu mmoja kwenye pikapu. Mimi nilibaki nimesimama. Nyuma yetu palikuwa na matajiri wawili wa upande wao na foleni yao, wote wananitazama, rafiki wa Deusi akipita na gunia bila kulipa. Nilimwona akilini Deusi akirudi kazini baada ya matanga, na maneno yale ya kununuliwa na Warundi yakimsubiri.

"Andika," nikamwambia kijana. "Gunia moja, maharage."

"Mama, ni ya msiba."

"Ndiyo. Andika ya msiba."

Akatafuta kwenye kompyuta. Biashara ipo, matumizi binafsi yapo, msaada wa kibinadamu upo ila unataka barua ya wizara. Msiba haumo. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, watu watatu wazima na shahada zao wakiinamia kioo wakitafuta marehemu anaingia kwenye kundi gani la bidhaa. Mama Neema alinivuta mtandio.

"Mama Zuhura, jamani. Tunachelewa mazishi."

"Mazishi ni saa tisa. Waache wamalize."

Mwishowe wakaandika biashara, nikalipa tozo kamili, kijana akinipa risiti hali amegeuza uso. Yule tajiri wa mbele kwenye foleni, aliyekuwa amekunja mikono, aliikunjua. Akavua kofia akasema pole mama. Tukapanda tukaenda.

Habari ilitangulia, kama kawaida ya mpakani. Tulipofika nyumbani kwao Ngara, Deusi alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, macho mekundu. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai uani. Alitazama gunia likishushwa, akamtazama Mama Neema, akamshika mikono yote miwili. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni kweli ninayoyasikia? Umelipia ushuru msiba wa mama yangu?"

"Nimelipa wote. Sitaki mtu aje aseme mama yako alizikwa kwa magendo."

Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti, ameegemea fremu ya mlango, machozi yanamtoka, watu wa uani wakageuka kumtazama mfiwa anayecheka. Na mimi nikacheka, na kitu kilichokaa kifuani mwangu miezi ile yote kikatoka pale pale. Nilimpenda yule mtu, nawaambia wazi, kama mtu anavyompenda ndugu aliyegombana naye.

Tozo zile ziliondolewa msimu mwingine na nyingine zikaja. Mtakutana nazo, na kazi yenu ni kuzilipisha na kuzilipa. Sina la kuwasaidia hapo.

Deusi alifuta uso kwa kiganja. Nilitafuta kwa macho kiti kilicho wazi kule uani, maana msibani mgeni anakaa kwenye kiti nje, na ndani, chini, jamvini, wanakaa wenye msiba. Akanishika mkono akanivusha kizingiti, Mama Neema akifuata. Ndani dada zake walikuwa wamekaa wamejitanda. Akawaambia kwa Kihangaza, na nilielewa kila neno, wasogee, wenzao wamefika. Dada mkubwa akasogea, akapigapiga jamvi kwa kiganja mahali palipobaki. Nikavua viatu, nikakaa, na hapo ndipo nilipolia.